Shimo Lisilo Tupu: Istilahi ya "Shimo Jeusi" na Ufafanuzi wa Mwendo wa Vitu Angani kwa Wanafunzi wa Juba

Ikisiri

Istilahi ya shimo jeusi imekwisha kukubalika katika Kiswahili, lakini picha inayobebwa na neno shimo, yaani uwazi unaomeza kila kinachopita, inapingana na ukweli wa kisayansi. Makala hii inafafanua dhana hiyo kwa kuanzia na mwendo wa vitu angani, inatumia kisa cha setilaiti ya Uhuru iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya mwaka 1970, kisha inapendekeza namna ya kuifundisha dhana hiyo mjini Juba. Hoja kuu ni kwamba istilahi yenyewe haina haja ya kubadilishwa; vitenzi vinavyoandamana nayo ndivyo vinavyostahili kuchaguliwa upya.

1. Utangulizi

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya kufundisha Kiswahili mjini Juba imekuwa dhahiri zaidi. Hata hivyo, Kiswahili hakiingii katika uwanja mtupu. Kiingereza ni lugha rasmi, Kiarabu cha Juba ni lugha ya soko na mtaa, na Kibari pamoja na lugha nyingine ni lugha za nyumbani. Mwanafunzi wa mazingira haya hupima kila neno jipya la Kiswahili kwa maneno aliyokuja nayo.

Katika elimu ya nyota, hali hii ina faida. Neno falaki limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya njia ya mzunguko wa nyota. Sayari nayo imetokana na mzizi wenye maana ya kwenda, na ndiyo maana katika Kiarabu cha leo neno hilohilo hutumika kwa gari. Msamiati wa kale wa Kiswahili kuhusu anga, kwa hiyo, ni msamiati wa mwendo. Shimo jeusi, ambayo ni tafsiri ya istilahi iliyoenezwa na mwanafizikia John Wheeler kuanzia mwaka 1967, ni msamiati wa mahali. Hapo ndipo utata unapoanza.

2. Kuanguka bila kufika

Ufafanuzi mwingi wa shimo jeusi huanza na shimo lenyewe. Ni afadhali kuanza na jiwe. Mtu akisimama juu ya Jebel Kujur, nje kidogo ya Juba, akarusha jiwe mbele, jiwe hilo husonga huku likianguka. Akilirusha kwa kasi zaidi, hufika mbali zaidi kabla ya kugusa ardhi. Lakini Dunia ni tufe, na ardhi yake hupinda. Laiti kusingekuwa na hewa wala vilima vya kulizuia, jiwe lililorushwa kwa kasi ya takriban kilomita 8 kwa sekunde lingeanguka daima bila kufika chini, kwa kuwa ardhi ingepinda kwa kadiri ileile ambayo jiwe linaanguka.

Huo ndio mzingo. Mwezi unaanguka hivyo kuizunguka Dunia, na Dunia kulizunguka Jua. Hakuna injini inayovisukuma: kitu kilichokwisha kuanza mwendo mahali pasipo na msuguano huendelea nao, na nguvu ya uvutano huipinda tu njia yake.

3. Kutoka gololi hadi nyota

Ili kitu kilichorushwa kiondoke Duniani bila kurudi, kinahitaji kasi ya takriban kilomita 11.2 kwa sekunde. Kiwango hicho hutegemea mambo mawili: tungamo la Dunia na umbali kutoka kitovu chake. Tungamo lilelile likishindiliwa katika nafasi ndogo zaidi, kasi inayohitajika ili kutoka juu yake huongezeka. Kama Dunia nzima ingeshindiliwa hadi kuwa na ukubwa wa gololi, yenye nusukipenyo cha milimita 9 hivi, hata nuru, iendayo takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, isingeweza kutoka. Kwa Jua, nusukipenyo hicho ni kilomita 3.

Shimo jeusi basi ni tungamo lililoshindiliwa kupita mpaka huo, unaoitwa upeo wa matukio. Mpaka huo si ukuta wala ukingo wa kisima. Ni umbali ambao, kikishavukwa, hakuna njia ya kurudi. Mashimo meusi mengi hutokea nyota kubwa inapomaliza nishati yake na kiini chake kujiporomokea. Shimo hilo, kwa hiyo, si tupu hata kidogo.

Matokeo yake huwashangaza wanafunzi. Kama Jua lingegeuka shimo jeusi lenye tungamo lilelile, Dunia ingeingia gizani na kuganda kwa baridi, lakini isingevutwa ndani. Ingeendelea kulizunguka kwa siku 365 kama ilivyo sasa.

4. Ushahidi uliopitia pwani ya Kenya

Kitu kisichotoa nuru hujulikanaje? Jibu mojawapo lilianzia karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililoendeshwa na Waitaliano baharini. Mahali hapo palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa Dunia huipa roketi inayoelekea mashariki nyongeza ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Miale ya eksirei kutoka anga za mbali huzuiwa na hewa ya Dunia, hivyo ilipasa kuitafuta kutoka juu. Uhuru iliona kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1, katika kundinyota ambalo wanafalaki wa Kiarabu waliliita Dajaja, yaani kuku, kilimetameta upesi, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko nuru inavyoweza kukivuka. Chanzo hicho, basi, kilikuwa kidogo mno kwa nyota ya kawaida.

Wanafalaki wa Uingereza na Kanada wakageukia nyota kubwa iliyokuwa mahali palepale. Walikuta inazunguka, kila baada ya siku 5.6, pamoja na mwenzi asiyeonekana. Kutokana na mwendo huo wakakadiria tungamo la mwenzi huyo, ambalo vipimo vya karibuni vinaliweka kwenye majua 21 hivi. Shimo jeusi lilijulikana kwa namna lilivyoathiri mwendo wa jirani yake.

5. Vitenzi vya kufundishia

Ikiwa shimo jeusi hujulikana kwa mwendo, si sahihi kulifafanua kwa vitenzi kunyonya na kumeza peke yake. Nyota iitwayo S2 hulizunguka shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, lenye tungamo la takriban majua milioni nne, kila baada ya miaka 16 hivi, wala haijamezwa. Gesi inayolizunguka Cygnus X-1 huanguka kwa sababu msuguano huipunguzia nguvu ya mwendo. Msuguano huohuo huipasha joto hadi itoe eksirei.

Makala inapendekeza mfuatano huu wa vitenzi darasani: kuanguka, kuzunguka, kupinda njia, na mwisho kabisa kutumbukia, kwa kile tu kilichovuka upeo wa matukio. Kubuni istilahi mpya kungemtenga mwanafunzi wa Juba na wenzake wa Arusha na Kampala, bila kumwondolea tatizo, kwani Kiarabu na Kiingereza pia hutumia picha ya tundu.

6. Hitimisho

Kiswahili kiliipa jina setilaiti iliyofungua njia ya kulitambua shimo jeusi. Kinachosalia ni kuitumia lugha hiyohiyo kulieleza kwa usahihi. Mwalimu wa Juba anayeanza na falaki na sayari, maneno ambayo masikio ya wanafunzi wake yanayafahamu nusu, atakuwa ameanza na mwendo. Na akifika kwenye shimo, wanafunzi watajua kwamba mna kitu ndani yake.