Jack na John, Wote Gladstone

Paukwa! Pakawa!

Wanangu, hadithi ya leo haina Sungura wala Fisi. Ni ya watu wawili walioishi kweli, mmoja Jack, mwingine John, wote wakiitwa Gladstone. Hawakuwa ndugu. Jack alikuwa mtumwa wa John, na jina la bwana lilimwandama mtumwa.

John alizaliwa mwaka 1764 katika bandari ya Leith, Uskoti, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka. Mwaka 1787 alihamia Liverpool, mji uliokuwa ukitajirika kwa meli za watumwa. Akafanya biashara ya nafaka, akapata meli na majumba. Kuanzia mwaka 1803 akatia fedha zake katika mashamba ya Demerara, kwenye pwani ya Amerika Kusini, nchi tunayoiita leo Guyana. Shamba moja liliitwa Success. Humo ndimo alimoishi Jack.

Kazi ya miwa huko haikuwa na huruma. Watu walichimba mifereji topeni, wakakata miwa juani, wakachemsha maji yake hadi usiku, na mjeledi uko karibu. John hakuwahi kukanyaga Demerara hata siku moja. Mawakala wake walimwandikia kwamba watumwa wanaishi vizuri, naye akaamini. Mwaka 1818 akawa mbunge. James Cropper, mfanyabiashara mwenzake wa Liverpool, alipoupinga utumwa gazetini, John aliutetea kwa barua ndefu.

Jack alikuwa fundi wa mapipa. Baba yake, Quamina, alikuwa seremala, tena shemasi katika kanisa la mhubiri John Smith. Mwaka 1823 serikali ya Uingereza ilituma maagizo ya kupunguza ukatili, likiwemo la kutowachapa wanawake viboko. Gavana John Murray akachelewa kuyatangaza. Uvumi ukaenea: uhuru umekuja, mabwana wanauficha!

Jack akapanga uasi. Quamina akawasihi wenzake wasimwage damu. Jioni ya tarehe 18 Agosti, watumwa zaidi ya 10,000 waliinuka. Wangeweza kuua mabwana wengi, lakini waliwafungia majumbani, na baadhi ya mabwana hao wakawatia miguu kwenye mikatale, ileile waliyokuwa wakitiwa wao. Wazungu waliouawa walikuwa wachache mno.

Askari hawakuwa na subira hiyo. Watumwa zaidi ya 200 waliuawa, wengine wakinyongwa baada ya kesi za haraka. Quamina alipigwa risasi, na maiti yake ikatundikwa kwa minyororo kando ya barabara, mbele ya shamba la Success. Mhubiri Smith alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi, akafia gerezani kwa ugonjwa wa kifua. Jack alihamishiwa kisiwa cha Saint Lucia.

Habari za kifo cha Smith ziliwachoma Waingereza wengi, na sauti za kupinga utumwa zikapanda. Mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kuukomesha katika makoloni mengi ya Uingereza. Sasa tegeni masikio. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Je, walilipwa waliochapwa? Hapana! Walilipwa mabwana. John Gladstone alipata zaidi ya pauni 100,000 kwa watu zaidi ya 2,500. Wale watu wenyewe hawakupewa hata senti, na wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana hadi mwaka 1838.

Mwaka huohuo, Wahindi waliofungwa na mikataba ya kazi walishushwa Demerara, mpango ambao John aliusukuma kwa barua aliyoandika mwaka 1836. Wengine wao walipelekwa katika mashamba yake, nao pia wakapigwa na kuteswa.

John alifariki mwaka 1851, tajiri, mwenye cheo cha Sir. Mwanawe William, aliyemtetea baba yake bungeni mwaka 1833, baadaye akawa waziri mkuu mara nne. Mwaka 2023 wazao wa familia hiyo walisafiri hadi Guyana na kuomba radhi hadharani. Mjini Georgetown, barabara iliyoitwa kwa jina la gavana Murray sasa inaitwa Quamina.

Wanangu, vitabu vingi vitawaambia kwamba John alikuwa mchapakazi, na kweli alikuwa. Lakini Jack, Quamina na maelfu ya wenzao walichapa kazi kumpita, na jasho lao likajaza mfuko wa mtu mwingine. Kwa hiyo mkisoma habari za tajiri yeyote, ulizeni ni nani waliomlimia na walilipwa nini. Inayowafundisha kuuliza hivyo ni haki, na haki haina mkubwa wala mdogo.