Maji ya Tangi la Samaki: Si Kila Maji Safi Yanafaa

Malalamiko ya aina hii hutufikia mara kwa mara. Mnunuzi hununua katoni kadhaa za maji ya chupa, hujaza tangi la kioo, na baada ya siku chache samaki hufa. Muuzaji wa samaki hulaumu maji. Muuzaji wa maji hulaumu samaki. Mara nyingi hakuna aliyeuza kitu kibovu. Maji yalifaa kunywewa, lakini hayakuwafaa samaki wale.

Neno "yaliyosafishwa" huarifu kwamba vijidudu na uchafu vimeondolewa. Halielezi ni madini gani yaliyobaki. Maji yaliyosukumwa kupitia utando mwembamba hutoka yakiwa karibu hayana chumvi yoyote, na wazalishaji wengi huyaongezea madini baadaye kwa ajili ya ladha, kila mmoja kwa kipimo chake. Maji yasiyo na madini kabisa hayana cha kuizuia tindikali inayozalika ndani ya tangi, hivyo hali yake huweza kubadilika ghafla. Kwa hiyo soma kwenye lebo jumla ya chumvi zilizoyeyuka, ambayo huandikwa kwa miligramu kwa lita.

Kabla ya kununua maji, jua asili ya samaki wako. Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu yenye madini mengi. Maji yaliyosafishwa pekee huwadhoofisha. Gapi na samaki wa dhahabu huishi vyema katika maji ya bomba yaliyo ya kawaida. Wanaohitaji maji laini hasa ni wale wa mito ya Amazoni, kama vile neoni tetra na diskasi. Kwa maoni yetu, wafugaji wengi wa nyumbani hawana sababu ya kununua maji hata kidogo.

Kinachotakiwa kwao ni kuondoa klorini. Maji ya bomba yaachwe katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 hadi 48, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki. Iulize mamlaka ya maji ya eneo lako kama hutumia kloramini, kwa kuwa hiyo haitoki upesi kwa kuacha ndoo wazi. Hapo dawa ni ya lazima.

Hali ni tofauti kwa anayetegemea kisima cha pwani chenye maji ya chumvichumvi. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Hapa ndipo maji yaliyosafishwa yanapostahili gharama yake, nayo huchanganywa. Ndoo moja ya kisima yenye miligramu 900 kwa lita, ikichanganywa na ndoo mbili zenye miligramu 20, hutoa maji yenye takriban miligramu 313.

Vituo vya kujazia madumu kwa kawaida huuza kwa bei nafuu kuliko chupa. Uliza utando wa mtambo ulibadilishwa lini, kwani ukichakaa hupitisha chumvi bila maji kubadilika rangi. Kipima chumvi kidogo, chenye umbo la kalamu, kitakuonyesha ukweli papo hapo. Usitumie dumu lililowahi kubeba sabuni au mafuta. Usitumie kamwe maji ya betri: baadhi ya vyombo vinavyouzwa kwa jina hilo huwa na asidi.

Tangi jipya huhitaji wiki kadhaa ili bakteria wanaovunja amonia ya kinyesi waongezeke. Samaki wakifa katika kipindi hicho, huenda kosa si la maji uliyonunua. Baada ya hapo badilisha takriban robo ya maji kwa wiki, si tangi zima.

Ukishuku maji uliyouziwa, tunza stakabadhi, na ujaze chupa safi kwa maji yaliyobaki katika dumu, si yale ya tangi. Ifunge, iandike tarehe, kisha uilete pamoja na malalamiko yako kabla ya kumwaga mengine.