Kombe lililochezwa ng'ambo ya Ruzizi: Bukavu, Léopards na tarehe 7 Februari

Tarehe 7 mwezi wa pili si siku ya kawaida kwa wapenzi wa kabumbu wa Bukavu. Tarehe hiyo mwaka 2016, timu ya taifa ya RDC, Léopards, ilibeba kombe la CHAN mjini Kigali baada ya kuifunga Mali mabao 3-0. Tarehe hiyo hiyo mwaka 2024, mjini Abidjan, Léopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimewekwa kichwani kama bunduki.

Siku ya kwanza watu walicheza ngoma. Siku ya pili walinyamaza mbele ya televisheni. Miaka kumi baada ya kombe la Kigali, siku hizo mbili bado zinawaachia wakaaji wa Bukavu swali moja: timu ya taifa iko karibu kiasi gani na kijana anayecheza mpira Kadutu, Bagira au Panzi?

Safari ya Huye

CHAN ni mashindano ya timu za taifa za Afrika, lakini si sawa na CAN. Katika CHAN kila nchi inaruhusiwa kuita tu wachezaji wanaocheza katika ligi ya nyumbani. Wale wanaocheza Ulaya, au hata katika nchi jirani, hawaitwi. Mashindano hayo yalianza mwaka 2009 nchini Côte d'Ivoire yakiwa na timu 8, na RDC ndiyo iliyobeba kombe la kwanza kwa kuifunga Ghana 2-0. Trésor Mputu alichaguliwa kuwa mchezaji bora.

Mwaka 2016 zamu ya kupokea wageni ilikuwa ya Rwanda. Mechi zilipangwa Kigali, Huye na Rubavu. Rubavu inapakana na Goma, lakini Léopards hawakupelekwa huko. Waliwekwa kundi B, mjini Huye, pamoja na Ethiopia, Angola na Cameroon.

Kwa Bukavu hiyo ilikuwa bahati. Ukivuka mpaka wa Ruzizi ya kwanza, barabara inapanda, inapita katika msitu wa Nyungwe na kufika Huye baada ya kilomita karibu 150. Ni mwendo wa saa chache kwa basi. Kinshasa, kwa upande mwingine, iko umbali wa kilomita karibu 1,500 kwa njia ya anga, na hakuna barabara nzuri ya kukufikisha. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa ndege ya kutoka Kavumu, na tikiti yake si ya mwanamotari wala ya mama anayeuza samaki katika soko la Kadutu.

Ndiyo maana wengi wa Bukavu walikuwa wakiwajua Léopards kwa televisheni tu, na kwa redio umeme ukikatika. Mwezi wa kwanza 2016, kwa mara moja, mashabiki waliweza kujifunga bendera, kuvuka Ruzizi na kwenda kuiona timu yao kwa macho. Ilibidi waende nchi nyingine ili kuiona timu ya nchi yao.

Njia ya kombe

Vijana wa kocha Florent Ibenge waliifunga Ethiopia 3-0 tarehe 17, kisha Angola 4-2 tarehe 21. Walipopoteza 3-1 mbele ya Cameroon tarehe 25, walikuwa wamekwisha kufuzu, lakini walimaliza nafasi ya pili. Nafasi hiyo iliwapeleka Kigali kukutana na wenyeji, Rwanda, katika robo fainali.

Kwa watu wa kando ya Ruzizi, mechi hiyo haikuwa ya wageni. Kila siku watu huvuka huku na huku kwa biashara, masomo na ziara za jamaa. Tarehe 30 walitazama mpira mmoja, kila upande na bendera yake. Hadi dakika 90 ilikuwa 1-1. Padou Bompunga alifunga bao la ushindi dakika ya 114, katika muda wa nyongeza.

Nusu fainali dhidi ya Guinea ilikuwa ngumu vilevile: 1-1, kisha penalti 5-4 kwa RDC. Fainali ikawa nyepesi kuliko wengi walivyodhani. Meschack Elia alifunga mawili, Jonathan Bolingi la tatu. RDC ikawa nchi ya kwanza kubeba kombe la CHAN mara mbili.

Mlango unaoitwa CHAN

Elia alikuwa na miaka 18 tu, na alikuwa mchezaji wa Don Bosco ya Lubumbashi. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Baadaye alipita TP Mazembe, akaenda Young Boys ya Uswisi. Katika CAN iliyochezwa mwanzoni mwa 2024, ni yeye aliyefunga bao la RDC dhidi ya Misri, kabla ya kipa Lionel Mpasi kupiga penalti iliyowatoa Wamisri.

Hiyo ndiyo faida ya CHAN. Inamtoa kijana katika ligi ya nyumbani na kumweka mbele ya Afrika nzima.

Lakini wengi wa wachezaji wa 2016 walitoka vilabu vya Kinshasa na Lubumbashi: AS Vita Club, DC Motema Pembe, TP Mazembe, Don Bosco. Bukavu nayo ina OC Muungano na OC Bukavu Dawa, timu mbili ambazo zikikutana katika uwanja wa Concorde, hata ndugu wa nyumba moja hukaa pande mbili. Mapenzi ya mpira hayakosekani, wala vijana wenye kipaji.

Kinachokosekana ni njia. Ili kocha wa taifa amwone mchezaji, klabu yake lazima icheze ligi ya taifa. Klabu ya Kinshasa inaweza kucheza mechi kadhaa bila kutoka mjini. Klabu ya Mashariki inalipa ndege, inalipa malazi, inalisha watu kwa majuma. AS Maniema Union ya Kindu imeonyesha kwamba inawezekana, maana ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024-2025. Hata hivyo, kwa vilabu vingi kikwazo cha kwanza kinatokea kabla mpira haujaguswa.

Mkono mdomoni

Tarehe 7 Februari 2024, Léopards walikuwa Abidjan kucheza nusu fainali ya CAN dhidi ya Côte d'Ivoire. Wakati huo mapigano kati ya jeshi na M23 yalikuwa yamekaribia Sake, Kivu ya Kaskazini. Kwa ishara ya mkono mdomoni na vidole kichwani, wachezaji walitaka dunia ione kwamba watu wa Mashariki wanauawa na wengi wamenyamaza.

RDC ilipoteza 1-0 kwa bao la Sébastien Haller. Lakini usiku ule picha iliyozunguka dunia ilikuwa pia ile ya wachezaji kumi na mmoja waliofunika midomo. Wengi wao wanaishi na kucheza Ulaya, na Bukavu wanaijua kwa jina tu. Hata hivyo, mbele ya kamera za dunia, walisimama kwa ajili ya Kivu.

Mwaka mmoja baadaye vita ilifika hapa. Tarehe 14 Februari 2025, waasi wa AFC/M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na ndani ya siku mbili walikuwa mjini Bukavu. Safari za ndege za abiria kwenda Kinshasa zikasimama. Njia ile ambayo wengi walishindwa kuilipa, sasa hata mwenye pesa haipati.

Mpira wenyewe uliendelea. Mwezi wa nane 2025 CHAN ilirudi Afrika Mashariki, ikiandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Léopards walicheza Nairobi. Walipoteza 1-0 mbele ya Kenya, wakaifunga Zambia 2-0 na Angola 2-0, kisha Morocco ikawatoa kwa 3-1. Kwenye CAN ya Morocco, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2026, Algeria iliwafunga bao moja dakika ya 119, walipokuwa wakisubiri penalti.

Umri wa Elia

Mtoto wa Bukavu aliyekuwa na miaka 8 wakati wa CHAN ya Rwanda, leo ana miaka 18. Huenda alibebwa mabegani mjini Huye, au alitazama fainali kwa jirani mwenye televisheni. Leo ana umri uleule aliokuwa nao Elia siku aliyoifunga Mali mabao mawili.

Huenda naye ana mguu mzuri. Lakini Elia alikuwa na ligi ya kucheza kila juma, klabu iliyoweza kusafiri na kocha wa taifa aliyeweza kuja kumtazama. Kijana wa Bukavu ana mpira, uwanja na wenzake. Mengine yote yanasubiri amani na njia ya kutoka.