Fungate ya Mombasa hadi Malindi: mwezi ndio bei

Chumba cha hoteli si gunia la sukari. Usiku ukipita kikiwa tupu, mapato yake yamepotea. Hayawekwi ghalani kungoja bei nzuri. Ndiyo maana bei za vyumba Pwani hupanda Desemba, wageni wakifurika, na kushuka wakati wa masika, hasa Aprili na Mei. Wanaopanga fungate kwa gari waanzie hapo, kabla kamati ya harusi haijachapisha kadi.

Njia yenyewe ni fupi. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, kupitia daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991. Magofu ya Gedi, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, yako jirani na Watamu. Kwa hiyo mafuta si tatizo. Malazi ndiyo yanayokula fedha.

Mwishoni mwa Juni mvua huwa zimepungua na wageni wa Agosti hawajafika. Mei ni rahisi zaidi, lakini baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati. Pigeni simu kwanza, na ulizeni bei ya wakazi: mara nyingi haitajwi mpaka iulizwe.