Mgeni wa Gramu 25

Ukitoka Kihesa ukashuka mpaka Ipogolo, hapa Iringa, mwishoni mwa Agosti, simama kidogo uangalie mawe ya Mto Ruaha Mdogo. Maji yakiwa yamepungua, huenda ukamwona ndege mmoja wa rangi ya udongo, tumbo jeupe, anayeruka jiwe hadi jiwe huku kiuno chake kikipanda na kushuka bila kutulia, kama mtu aliyebanwa na haja kwenye foleni ya basi. Wanaofua na wanaoosha pikipiki hawamjali, naye hawajali.

Kitaalamu anaitwa Actitis hypoleucos. Alitotolewa kando ya mto au ziwa huko Ulaya au Urusi, na pengine hii ndiyo mara yake ya kwanza maishani kufika hapa. Nasikia watu wakisema ndege hawa "wanatutembelea", nami kila mara nabisha. Ndege anayekaa kwetu tangu Agosti hadi Aprili, kisha akaenda kaskazini kuzaa na kurudi haraka, ni mgeni wa huko, si wa hapa.

Watu wa pwani wana jina la ndege wadogo wanaokimbiakimbia kwenye mchanga maji yakitoka: kitwitwi. Huku bara wengi wao huishia kuitwa "ndege wa majini" basi, kwa hiyo nitaliazima jina hilo la pwani kwa ukoo mzima wa hawa watembea matopeni, japo mtaalamu mwenzangu anaweza kuninunia. Mdogo wao kabisa katika maji yetu ni Calidris minuta. Ana uzito wa gramu 25 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani vya sukari. Huzaliana kwenye nyika za barafu kaskazini kabisa mwa Urusi, hadi upande wa rasi ya Taimyr, ambayo kwa mstari ulionyooka iko takriban kilomita 10,000 kutoka Iringa. Jike huweza kutaga mara mbili mfululizo, viota viwili: kimoja akaatamia dume, kingine akaatamia mwenyewe. Vifaranga hujitafutia chakula tangu siku ya kwanza. Wakubwa hutangulia kuondoka kuja kusini, na vijana hufuata wiki kadhaa baadaye peke yao, bila wa kuwaonyesha njia.

Sasa, ndege huyu akifika, anatafuta nini? Wengi hujibu: maji. Si kweli. Maji mengi humwua njaa. Miguu yake ni mifupi, kwa hiyo maji yakizidi sentimita tatu nne hayamfai. Na ardhi iliyokauka haimfai pia, maana tope likishika ugumu funza wa usubi na vijidudu vingine huzama chini au hufa, na mdomo wake haupenyi. Anachohitaji ni ukanda mwembamba ulioko katikati ya hayo mawili, ambapo tope bado linang'aa. Wenzake wenye midomo mirefu huchomeka zaidi ndani. Ncha za midomo yao zimejaa neva zinazohisi mguso, ndiyo maana wanakula hata usiku. Kitwitwi mdogo hutegemea zaidi macho, adonoe hapa, akimbie, adonoe pale. Kwa namna hiyo ukanda mmoja unalisha aina tano sita za ndege bila ugomvi mkubwa.

Ukanda huo haukai mahali pamoja. Unahama kila siku, na kwetu unahama kwa sababu ambazo nyingi ni za binadamu.

Fuata maji ya Ipogolo. Ruaha Mdogo hushuka hadi Pawaga, hupita kwenye mifereji ya mpunga, huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu humwaga katika bwawa la Mtera. Bwawa lilijengwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu, megawati 204, na baadaye Mtera yenyewe ikapata mitambo ya megawati 80. Likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi mita 690, ndiyo mwisho unaoruhusiwa kwa kuzalisha umeme. Tofauti ni mita 8.5 tu, lakini Mtera ni sinia, si chungu. Mahali ambapo ardhi inateremka mita moja kwa kila mita 500, maji yakishuka mita moja tope la nusu kilomita linabaki wazi. Anayefungua maji kwa ajili ya taa za mijini anafungua, bila kukusudia, meza ya chakula ya ndege kutoka Siberia.

Na si ya ndege tu. Septemba moja, kwenye ukingo wa Mtera upande wa Migoli, nilimkuta mkulima amechomeka kijiti cha mti pale maji yalipoishia jioni. Asubuhi kijiti kilikuwa nchi kavu, hatua nne kutoka majini. Baina ya kijiti na maji palikuwa na nyayo ndogo za vidole vitatu, mamia kwa mamia, na vitundu vya midomo kama kitambaa kilichopitishwa sindano isiyo na uzi. Nyuma ya kijiti alikuwa ameshaanza kupanda mahindi. Hakuwa akichunguza ndege hata kidogo. Alikuwa akipima kasi ya maji ili mbegu zikute unyevu kabla udongo haujapasuka. Alinieleza kwamba maji yakirudi nyuma haraka mno, mizizi haiyafikii; yakigoma kurudi, hana shamba.

Watu wa Iringa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Vinyungu ni kilimo cha namna hiyo hiyo: unashuka bondeni kiangazi, unafuata unyevu unapojificha, unavuna mahindi mabichi na maharage wakati mashamba ya juu ni vumbi. Kitwitwi ni mkulima wa vinyungu asiye na jembe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na naiunga mkono kwa mto wenye kingo zake. Lakini kwenye bwawa ambalo ukingo wake unatembea nusu kilomita kwa msimu, mita 60 zinaanza kuhesabiwa wapi? Kwenye kijiti cha jana au cha leo?

Mambo ni magumu zaidi juu kidogo, Usangu, wilayani Mbarali. Ihefu ndiyo tangi la Ruaha Mkuu: mito ya milima ya Mbeya na Njombe huingia, maji hutulia kwenye majani, kisha hutoka polepole kupitia mwamba wa Ng'iriama. Tangu 1993 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia 2010 ungetiririka mwaka mzima. Lawama ziliangukia mifugo: wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika hifadhi, ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ila watafiti wa mradi wa SMUWC, uliofanya kazi bondeni humo kuelekea mwaka 2001, walikuwa wameshaonyesha kwamba chanzo kikubwa cha mto kukauka ni maji yanayochepushwa kiangazi kwenda mashambani, zaidi kuliko kwato za ng'ombe. Nitaongeza la kwangu kama mtu wa ndege: ng'ombe akichunga ukingoni kwa kiasi, majani hubaki mafupi na kitwitwi humwona adui kutoka mbali. Ukingo ulioota magugu marefu ni ukingo uliofungwa.

Maji yaliyochepushwa hayakupotea, yalihamia kwenye majaruba, na ndege wakahama nayo. Jaruba lililolowekwa, kabla miche haijainuka, ni tope lenye kina kile kile cha sentimita chache. Mvua za Desemba zikizamisha kingo za Mtera, majaruba ya Mbarali na Pawaga ndiyo kimbilio. Huko utamwona pia Calidris pugnax, mkubwa zaidi, mwenye shingo ndefu. Wanaofika kwetu wengi ni majike, kwa kuwa madume wengi huishia kaskazini zaidi.

Lakini jaruba lina hatari zake. Mpunga ukianza kutia maziwa, kazi ni kuamia: watoto na kina mama juu ya vichanja, makopo kwenye kamba, kombeo, sauti zimekauka. Adui ni kwelea kwelea, na makundi yake yakizidi nguvu ya makopo, ndege ya serikali huja kunyunyizia fenthioni mahali yanapolala. Dawa hiyo haichagui. Anayekula kwelea aliyekufa hudhurika, na anayelala jirani naye hudhurika. Sina wa kumlaumu katika hili kwa wepesi. Aliyewahi kuona ekari mbili zikibaki mabua tu kwa siku tatu ataelewa kwa nini mwenye shamba huipungia mkono ndege ile.

Kuna miaka ambapo vijana wa vitwitwi huja wengi, na mingine ambapo karibu hawapo. Sababu mojawapo iko mbali na Mtera na mbali na Mbarali. Taimyr kuna panya wa barafu, lemingi, ambao huongezeka na kupungua kwa mizunguko ya miaka mitatu minne. Wakiwa tele, mbweha wa huko hushiba panya na kuviacha viota. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na vifaranga. Jambo hili limefuatiliwa zaidi kwa Calidris ferruginea, ambaye pia hupita kwetu: mwaka wa panya wachache Siberia ni mwaka wa vijana wachache kwenye matope ya Afrika. Kwa hiyo anayehesabu ndege Januari moja Mtera na kupata nusu ya wale wa mwaka uliotangulia asikimbilie kuwashtaki TANESCO, shirika la umeme.

Machi inapoisha, kitwitwi mdogo hubadilika. Mgongo na kifua huanza kuwa na wekundu wa kutu, na mafuta humjaa chini ya ngozi mpaka ukimshika unayaona ya manjano tumboni. Pawaga mpunga umeinamisha vichwa, bwawa limejaa, na kijiti cha yule mkulima kiko chini ya mita kadhaa za maji. Huondoka jioni, makundi madogo yakipanda kwa duara, na sauti yake ni nyembamba kiasi kwamba ikipita trekta moja huisikii.