Mapenzi ya wodini

Mapenzi kati ya wagonjwa wawili wa hospitali ya akili huanza mahali pasipo na faragha. Wodi za wanaume na za wanawake zimetenganishwa kwa ukuta au ua, milango hufungwa mapema jioni, na kila mmoja amevaa sare ya hospitali, hana simu wala pesa mfukoni. Hata hivyo watu hukutana: kwenye foleni ya dawa, kwenye benchi la karakana ya ushonaji, kwenye ibada ya Jumapili, chini ya mti saa ya kuota jua. Neno la kwanza mara nyingi huwa swali la nyumbani: kwenu ni wapi?

Kwa mtu wa Kiboko, jibu lina safari ndefu ndani yake. Kiboko ni mji mdogo wa Kaunti ya Makueni, kando ya barabara ya Mombasa kati ya Emali na Makindu, unaojulikana kwa mto wake na kwa kituo cha utafiti wa mahindi yanayostahimili ukame. Hospitali ya akili hauna. Mgonjwa hupelekwa Makindu, pengine Wote au Machakos, na hali ikizidi hufikishwa Mathari, Nairobi, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwao. Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, ikapewa jina hilo 1924, na hadi leo ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya magonjwa ya akili nchini Kenya, yenye vitanda takriban 700.

Umbali huo huchangia mengi. Ndugu mwenye mbuzi wa kulisha na shamba la ndengu la kupalilia hawezi kupanda matatu kila wiki. Siku ya kutembelea wagonjwa, wenye bahati hupokea chupa ya chai na mkate uliofungwa kwa gazeti; asiye na mgeni huketi pembeni akiangalia geti. Mwenye mkate akiukata vipande viwili na kumsogezea aliye pembeni, urafiki umeanza, na damu zikipatana haukawii kuwa zaidi ya urafiki. Kuna pia wagonjwa waliokwisha kupata nafuu lakini jamaa hawajaja kuwachukua, kwa aibu, kwa deni la hospitali au kwa kuchoka. Hao hukaa miezi, wengine miaka, na ni miongoni mwao uhusiano wa kudumu huota kwa urahisi, kwa kuwa wodi imekwisha kuwa kijiji chao.

Kutenganisha wanaume na wanawake ni urithi wa hospitali za Uingereza za karne ya 19, ambako wasimamizi waliogopa mimba na waliogopa zaidi kizazi ambacho kingezaliwa na watu waliohesabiwa kuwa na kasoro ya damu. Hata huko ukuta ulikuwa na mlango. Katika hospitali ya Powick, karibu na Worcester, wagonjwa walicheza dansi ya kila wiki, na kuanzia 1879 bendi ya wafanyakazi iliyowapigia muziki iliongozwa na kijana Edward Elgar, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri. Madaktari wa Powick waliamini kwamba mtu aliyeshikwa mkono na kuzungushwa ukumbini hurudi wodini akiwa mzima zaidi kuliko alivyotoka.

Katika makoloni, ukuta ndio uliokita mizizi. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Nadharia hiyo ilikuwa batili na iliwadhalilisha watu. Tena haikuacha nafasi ya kuuliza mgonjwa anampenda nani. Mwaka uliofuata, 1954, Thomas Adeoye Lambo alianza kazi Aro, karibu na Abeokuta huko Nigeria, akishika njia tofauti kabisa: wagonjwa walikaa katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao na kufika hospitalini mchana kwa matibabu. Aliyetibiwa hivyo hakuondolewa katika maisha ya kawaida ya kutaniana na kuposana.

Ugonjwa wenyewe huingilia mapenzi kwa njia zisizofanana. Katika mania, yaani kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, mtu hulala saa mbili au tatu tu, huongea bila kituo, hugawa mali, na hamu ya mapenzi humpanda ghafla. Anaweza kutangaza ndoa leo na mtu aliyemjua jana. Katika sonona hamu hufifia pamoja na hamu ya chakula, na mtu hujiona hastahili kupendwa. Katika skizofrenia, shida kubwa huwa kusoma nyuso na nia za wengine, hivi kwamba hata salamu inaweza kuonekana kama tishio au kama posa. Ipo pia hali ya nadra iliyoelezwa kwa kina na daktari Mfaransa Gaëtan Gatian de Clérambault mwaka 1921: mgonjwa huwa na yakini kwamba mtu fulani, aghalabu mwenye cheo, anampenda kwa siri na anampelekea ishara. Yule anayedhaniwa kupenda hana habari, na akikana, ukanaji wake huhesabiwa kuwa ishara nyingine.

Mapenzi ya wodini hutofautishwa na dalili kwa mambo ya kawaida kabisa. Muuguzi anayekaa na wagonjwa kutwa huona mapema kuliko daktari anayepita mara moja kwa wiki. Je, wote wawili wanataka, au ni mmoja tu? Kila mmoja anajua jina la mwenzake, kwao, na maradhi yaliyomleta? Anaweza kuambiwa hapana akakubali? Hisia hizo bado zipo baada ya dawa kufanya kazi na usingizi kurudi? Yaliyozuka siku ya tatu ya mania mara nyingi huyeyuka yenyewe wiki ya nne. Yanayobaki wakati wote wawili wametulia yana haki ya kuitwa mapenzi kama ya watu wengine, na kuyaita dalili kwa sababu tu yamezaliwa hospitalini ni kosa la kitaalamu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: ridhaa. Uwezo wa kuridhia hupimwa kwa jambo mahususi na kwa wakati mahususi. Haupimwi kwa jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye faili. Mtu asiyeweza kusimamia mauzo ya shamba anaweza kuwa anaelewa vizuri maana ya kumkubali mchumba. Mtu huyohuyo anaweza kuwa hana uwezo huo Jumatatu akawa nao mwisho wa mwezi. Anayepima huangalia kama mhusika anaelewa jambo lenyewe, anaweza kulikumbuka, kulipima faida na hasara, na kueleza uamuzi wake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 humlinda asiyeweza kuridhia kwa sababu ya hali ya akili. Sheria hiyohiyo inamgusa mfanyakazi wa hospitali: anayetumia nafasi yake kumwingiza mgonjwa katika tendo la ndoa hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Hakuna mapenzi ya kutetewa baina ya mwenye ufunguo wa wodi na aliyefungiwa ndani yake.

Kwa wagonjwa wenyewe, haki iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa kwa ridhaa huru ya wahusika. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotambua haki ya kuwa na familia. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ridhaa si huru ikiwa mtu ana hali ya akili, ya kudumu au ya muda, inayomfanya asielewe maana ya sherehe anayofungishwa. Tena inaruhusu ndoa kubatilishwa pale mmoja alipokuwa na vipindi vya kurukwa na akili vinavyojirudia bila mwenzake kujua. Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake. Sheria inamlinda aliyefichwa, na kufichana ndiko kunakovunja ndoa nyingi ambamo ugonjwa uligunduliwa baada ya harusi. Wawili waliokutana kwenye foleni ya dawa wameanza bila siri hiyo, kila mmoja amemwona mwenzake katika siku zake mbaya kuliko zote.

Foleni hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Muuguzi husimama nyuma ya meza yenye vikombe vidogo vya plastiki. Mgonjwa hupokea vidonge, hunywa maji, kisha hufungua kinywa na kuinua ulimi kuonyesha kwamba amemeza. Kunyanyua ulimi mbele ya mtu unayempenda ni jambo la kutweza. Wapo wanaogeuka kando ili mwenzao asiaibike, na adabu hiyo ndogo pengine hueleza zaidi kuliko barua.

Vidonge vyenyewe vina mkono katika mapenzi hayo, na mara nyingi wagonjwa hawaelezwi. Haloperidoli na risperidoni hupandisha homoni ya prolaktini: mwanamke anaweza kukosa hedhi na kutokwa na maziwa bila kuwa mjamzito, na mwanamume akapungukiwa nguvu. Mwanamke aliyekosa hedhi kwa miezi huamini hawezi kushika mimba. Dawa ikibadilishwa, uzazi hurudi kabla hajajua. Fluoksetini, inayotumika kwa sonona, huweza kupunguza hamu na kuchelewesha kilele. Karbamazepini huharakisha kuvunjwa kwa homoni mwilini, kwa hiyo hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi na hata kipandikizi cha mkononi. Valproati ni ya hatari zaidi kwa mimba, kwa kuwa inaweza kuharibu uti wa mgongo wa mtoto katika wiki za kwanza kabisa. Wengi huacha dawa kimyakimya ili warudishiwe hamu, na baada ya wiki kadhaa hurudi wodini. Mazungumzo ya dakika kumi kuhusu jambo hili yangezuia sehemu ya marudio hayo, kwani daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa.

Baada ya kuruhusiwa, mapenzi ya wodini hukutana na barabara. Mmoja hurudi Kiboko, kwenye joto la nyika na wauza machungwa wanaokimbilia mabasi, mwingine pengine Kisumu au Nyeri. Anayetumia lithiamu katika joto hilo anahitaji maji ya kutosha kila siku, kwa kuwa mwili ukikauka dawa hujilimbikiza hadi kuwa sumu. Mchumba anayepiga simu kuuliza kama umekunywa maji anafanya kazi ya tiba. Lakini wawili wakiwa wagonjwa pamoja, mmoja akianza kukosa usingizi humvuruga mwenzake, kwa hiyo inafaa awepo mtu wa tatu, dada au jirani, anayejua dalili za mapema za wote wawili.

Utafiti wa George Brown huko Uingereza, ulioendelezwa na Christine Vaughn na Julian Leff miaka ya 1970, ulionyesha kwamba mgonjwa wa skizofrenia anayerudi kwenye nyumba ya lawama, uhasama na kuingiliwa kupita kiasi huugua tena kwa urahisi zaidi, hasa akikaa uso kwa uso na jamaa hao zaidi ya saa 35 kwa wiki. Nyumba huponya au kuugulisha kwa jinsi watu wanavyosemezana ndani yake. Makueni imekuwa uwanja wa kazi muhimu katika jambo hili: watafiti wakiongozwa na David Ndetei na Victoria Mutiso wamewafunza wauguzi, wahudumu wa afya vijijini, wachungaji na waganga wa kienyeji kutambua ugonjwa wa akili kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mtu wa Kiboko anaweza leo kupata msaada kabla ya kufika Nairobi, na kutibiwa akiwa karibu na watu wake.

Kikwazo cha mwisho hukaa kwenye kiti cha wazee. Ndoa ya Kikamba haijakamilika kimila bila mbuzi wa ntheo, na kabla mbuzi hawajapelekwa, pande zote mbili huchunguzana: kuna uchawi katika ukoo ule, kuna kifafa, kuna wazimu? Wachumba waliokutana Mathari hujibu swali hilo kwa kutaja tu walikokutana. Wazee wengi hukataa hapo hapo, wakihofia wajukuu.

Hofu hiyo ina msingi, ila huwa kubwa kuliko takwimu. Kwa watu wote, takriban mtu 1 kati ya 100 huugua skizofrenia maishani. Mtoto wa mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10. Wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa, tafiti hutoa makadirio kati ya robo na karibu nusu. Hata katika nyumba hiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, watoto walio wengi hawaugui.