Nakala Tatu, Salio Moja

Salio unaloliona kwenye simu yako halikai ndani ya simu. Ni tarakimu iliyoandikwa kwenye kanzidata, ndani ya seva zilizo katika majengo ambayo huenda hutayaona maisha yako yote. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, seva zake zilikuwa Ulaya, na huko zikabaki hadi zilipohamishiwa Kenya kutoka Ujerumani mwaka 2015. Kwa miaka hiyo yote, mama mboga wa Nakuru akilipwa na mteja aliyesimama mbele yake, hesabu ilikwenda Ulaya na kurudi kabla simu yake haijalia.

Hakuna fundi mwenye akili timamu anayeiacha tarakimu ya namna hiyo mahali pamoja tu. Diski hufa, umeme hukatika, jenereta hukataa kuwaka, majengo huungua. Kwa hiyo kila rekodi huandikwa mara mbili, tatu au zaidi, kwenye mashine zinazokaa mbalimbali. Kunakili kwenyewe ni kazi nyepesi. Kilichowaumiza watafiti vichwa tangu miaka ya 1970 ni namna ya kuzifanya nakala zote ziseme jambo lile lile, hata pale mojawapo inapozimika katikati ya kuandika.

Tuseme una shilingi 50,000, na salio lako limeandikwa katika seva tatu: moja Nairobi, moja Mombasa, moja Kisumu. Unakwenda kwa wakala kutoa 30,000. Mfumo ukiamriwa usikubali mpaka seva zote tatu ziwe zimeandika, basi siku Kisumu ikikosa umeme hakuna mtu atakayetoa pesa popote nchini. Ukiamriwa utosheke na seva moja, hali ni mbaya zaidi. Mombasa inaandika 20,000, wakala anakupa pesa, na kabla Mombasa haijawaarifu wenzake, mawasiliano yake yanakatika. Dakika kumi baadaye uko kwa wakala mwingine, seva ya Nairobi bado inasema 50,000, unatoa 40,000. Shilingi 70,000 zimetoka katika akaunti yenye 50,000, na kuna mtu atakayebeba hasara hiyo.

Mwaka 1979 Robert Thomas na David Gifford, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha jibu: nakala zipige kura. Kati ya tatu, mbili zinatosha kukubali kuandika, na mbili zinatosha kujibu anayeuliza. Siri iko kwenye hesabu yenyewe. Ukichagua seva mbili kati ya tatu, kisha mtu mwingine akachagua mbili zake, lazima kuwe na moja mliyoichagua wote. Rudi kwa wakala. Safari hii 20,000 imeandikwa Mombasa na Kisumu, na Mombasa imepotea. Wakala wa pili anahitaji majibu mawili, zilizobaki ni Nairobi na Kisumu, na Kisumu inajua. Kila rekodi ina namba ya toleo, kwa hiyo jibu jipya linalishinda la zamani. Nairobi nayo inarekebishwa papo hapo. Seva zikiwa tano, akidi ni tatu, na mbili zinaweza kufa bila mteja kujua kwamba kuna kilichotokea.

Mimi naiona hii kuwa miongoni mwa fikra nzuri kabisa za karne iliyopita. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuihakiki kwa vidole vyake, na juu yake inasimama sehemu kubwa ya mifumo inayotunza fedha na kumbukumbu za watu leo.

Lakini kura peke yake haikumaliza kazi. Wateja wawili wakigusa akaunti moja kwa wakati mmoja, nani alitangulia? Saa za mashine mbili hazilingani kamwe. Mmarekani Leslie Lamport alikuwa ameshalishika jambo hili mwaka 1978: achana na saa ya ukutani, hesabu matukio. Ujumbe hauwezi kupokewa kabla haujatumwa. Basi kila mashine iwe na namba yake inayopanda kwa kila tukio, na ikipokea ujumbe wenye namba kubwa, ipandishe ya kwake ipite pale.

Kisha mwaka 1985 likaja pigo. Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihisabati kwamba, ikiwa ujumbe unaweza kuchelewa kwa muda usiojulikana na mashine hata moja inaweza kufa, hakuna utaratibu uliopangwa mapema unaoweza kuhakikisha kwamba waliobaki watafikia makubaliano kila mara. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kupiga simu isipokelewe: mashine iliyokufa na mashine iliyochelewa zote ziko kimya, na huna njia ya kuzitofautisha.

Ndipo wavumbuzi walipofanya uamuzi ambao mimi na wewe tunaishi nao kila siku. Walikubali kwamba mfumo unaweza kulazimika kusubiri, ili mradi usikosee kamwe. Brian Oki na Barbara Liskov wa MIT walichapisha utaratibu wa aina hiyo mwaka 1988. Mwaka 1990 Lamport alipeleka wa kwake kwenye jarida, akiusimulia kama habari ya bunge la kale katika kisiwa cha Paxos huko Ugiriki, ambako wabunge huingia na kutoka ukumbini watakavyo na wajumbe hupoteza barua, lakini sheria mbili zinazopingana hazipitishwi hata siku moja. Wahakiki waliona mambo ya kisiwa yaondolewe. Makala ilitoka mwaka 1998, na jina la Paxos ndilo linalotumika hadi leo. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford wakatoa Raft, waliyoibuni kwa kusudi la kueleweka: seva zinachagua kiongozi, kila andiko linapitia kwake, naye akinyamaza kupita muda fulani, waliobaki wanapiga kura upya.

Gharama ya kukatiza njia hapa ilionekana tarehe 21 Oktoba 2018, katika GitHub, mahali ambapo mamilioni ya waandishi wa programu duniani huhifadhi kazi zao. Matengenezo ya kifaa kimoja yalikata mawasiliano katika pwani ya mashariki ya Marekani kwa sekunde 43. Mashine zilizobaki zikapiga kura sawasawa, zikahamishia uongozi magharibi. Ila data zenyewe hazikuwa zikisubiri kura: mashariki ilikubali maandiko kwanza, kisha ikayapeleka magharibi baadaye. Sasa kila upande ulikuwa na maandiko ambayo mwenzake hana. Katika kundi moja la seva zenye shughuli nyingi, yalikuwa 954. Kurudisha huduma katika hali yake kulichukua saa 24 na dakika 11, kwa sababu wahusika walichagua kuzilinda data za watu badala ya kuharakisha.

Eric Brewer alilisema hili wazi mwaka 2000, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha: mawasiliano kati ya nakala yakikatika, chagua moja, kuendelea kujibu kila mtu au kutoa jibu lililo sahihi. Amazon, kwa kikapu cha ununuzi, ilichagua kujibu. Mfumo wake wa Dynamo, ulioelezwa mwaka 2007, ulipokea bidhaa hata nakala zikiwa hazijaafikiana, na ikakubalika kwamba kitu ulichokiondoa kikapuni huenda kikarudi. Kwa kikapu haina neno, utakiondoa tena. Kwa mshahara wa mtu haikubaliki. Ndiyo maana simu ikikuambia ujaribu tena baadaye, yawezekana upande wa pili nakala hazijatimiza akidi, na mfumo umekataa kubahatisha na pesa zako.

Kwetu jambo hili lina uzito wa kipekee kwa sababu ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Hata mikongo ikiwa mizima, mwanga ndani ya nyaya hizo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi Frankfurt, Ujerumani, ni zaidi ya kilomita 6,000. Kila kura inayosubiriwa kutoka kule inachukua angalau sekunde 0.06 kwenda na kurudi, na muamala mmoja unaweza kuhitaji mizunguko kadhaa.

Ndiyo sababu swali la kumuuliza anayetutunzia fedha au kumbukumbu za hospitali ni nakala zipo wapi, na ngapi zinapaswa kukubali kabla mteja hajaambiwa kwamba jambo lake limefanikiwa. Nakala mbili kati ya tatu zikikaa Ulaya, mkongo ukikatika, muuza samaki na mteja wake wa mtaa mmoja hawawezi kulipana, kwa kuwa akidi iko ng'ambo. Mbili zikikaa Afrika Mashariki, katika miji tofauti, watalipana kama kawaida, na ile ya Ulaya itaandikiwa yaliyoipita mkongo utakapounganishwa.